Fonti ya tovuti ni suala la tahajia, si urembo tu

JUMA lililopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anajipatia riziki kwa kusanifu tovuti, alinitumia anwani ya tovuti aliyoiunda kwa gharama yake mwenyewe. Ameweka humo hadithi alizosimuliwa na nyanya yake, kila hadithi kwa Gĩkũyũ na tafsiri yake kwa Kiswahili. Chini ya kila hadithi ameandika jina la nyanya huyo kwa herufi kubwa, ili ijulikane nani hasa ndiye mwenye mali. Kijana alinisihi: “Prof, nipe tahakiki. Usinihurumie.”

Nami sikumhurumia. Niliifungua tovuti hiyo kwenye mashine tatu tofauti. Kwanza kwenye kompyuta ya ofisini. Kurasa zilipendeza, herufi zimenyooka na kukonda kama za magazeti ya mitindo. Lakini kila palipokuwa na ĩ au ũ, herufi hiyo ilisimama peke yake, nene na fupi, kana kwamba imeokotwa kwenye kitabu kingine. Katika jina la nyanya mlikuwa na herufi mbili za namna hiyo. Jina zima lilionekana kama ukuta uliozibwa nyufa kwa udongo wa rangi tofauti.

Kisha nikaifungua kwenye simu yangu nikiwa njiani kwenda kijijini. Picha zilitokea, rangi zikatokea, maandishi hayakutokea. Nikakodolea macho ukurasa mtupu, na maneno yakaja baadaye yakiwa yamechoka. Jioni nikaazima simu kuukuu ya dada yangu, yenye kivinjari chepesi cha kubana data. Humo fonti ya kijana haikufika kabisa. Maandishi yalitokea kwa herufi za kawaida za simu hiyo, bila madoido. Lakini kila neno lilisomeka, na jina la nyanya lilikuwa zima.

Nilipompigia simu na kumweleza, alicheka kidogo. “Prof, si hiyo ni kitu kidogo tu? Nani ataona?”

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wengi wanaouliza kama yeye. Nadai kwamba kuteua fonti ya tovuti ni uamuzi wa tahajia kabla ya kuwa uamuzi wa urembo. Nadai pia kwamba sisi wanaisimu tumelikimbia jukumu hili na kumwachia fundi, kisha tunamlaumu fundi kwa kutojua isimu.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Zamani ukurasa wa mtandao haukuwa na herufi zake. Ulibeba maneno tu, pamoja na jina la fonti ambayo msanifu angependa itumike. Kivinjari, yaani programu tunayofungulia kurasa hizo, kilitafuta fonti hiyo ndani ya mashine ya msomaji. Ikiwamo, vyema. Isipokuwamo, kilichukua nyingine. Ndiyo maana wasanifu wa wakati huo walijibana kwenye fonti chache zilizokuwa karibu katika kila kompyuta. Mwaka 1996 kampuni ya Microsoft ilianza kugawa bure fonti kadhaa kwa ajili ya mtandao, zikiwamo Verdana na Georgia zilizosanifiwa na Matthew Carter. Kwa miaka mingi karibu ulimwengu mzima ulivaa sare hiyo.

Waliotaka kitu tofauti waliandika vichwa vyao vya habari kama picha. Macho yaliona herufi, lakini kompyuta iliona picha tu. Huwezi kuyatafuta maneno hayo, huwezi kuyanakili, na programu inayomsomea kipofu kwa sauti haina la kusoma. Tabia hiyo bado haijafa. Kila siku ninapokea matangazo ya makongamano ya Kiswahili yaliyo picha tupu.

Wazo la kumpelekea msomaji fonti pamoja na ukurasa si geni. Lilikuwamo katika kanuni za mitindo ya kurasa, CSS 2, zilizotolewa mwaka 1998, kwa amri iitwayo @font-face. Tatizo ni kwamba kila kampuni ilishika njia yake. Internet Explorer 4 ya mwaka 1997 ilitumia muundo wa EOT. Netscape ikatumia muundo mwingine. Aliyetaka kuwafikia wasomaji wote alilazimika kutayarisha fonti mara mbili. Mvutano ulipozidi, amri hiyo iliondolewa katika kanuni zilizofuata za CSS 2.1.

Kiini cha mvutano huo hakikuwa ufundi peke yake. Watengenezaji wa fonti waliogopa wizi. Fonti ni kazi ya jasho; mtu anaweza kutumia miaka akichonga herufi moja moja. Ukiiweka kwenye mtandao, nani atamzuia mpita njia asiibebe? Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na tusiidharau. Mgala muue na haki umpe.

Mambo yalifunguka mwaka 2008, Safari 3.1 ilipoanza kupokea fonti za kawaida zilizopakuliwa kutoka kwenye tovuti. Firefox 3.5 na Opera 10 zikafuata mwaka 2009, na Chrome haikukawia. Mwaka huo huo wa 2009 Jonathan Kew, Tal Leming na Erik van Blokland walipendekeza muundo wa WOFF, unaoibana fonti ili iwe nyepesi na kuifunga pamoja na maelezo ya leseni yake. Muundo huo ulipitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Desemba 2012, na toleo la pili, WOFF2, likapitishwa mwaka 2018. Leo vivinjari vikuu vyote vinasoma WOFF2.

Nimeyasimulia haya kwa sababu moja. Kisingizio cha kale, kwamba “vivinjari havielewani”, kimekwisha. Faili moja ya fonti itafika salama karibu kila mahali. Kilichobaki sasa ni swali tunalopaswa kujiuliza sisi wenyewe: ndani ya faili hiyo mna herufi zetu?

Hapa ndipo shtaka langu la kwanza linaposimama. Kila herufi kwenye kompyuta ina namba yake katika mfumo wa Unicode. Kapu la kwanza lina nafasi 256 na limejaa mahitaji ya Kiingereza na lugha za Ulaya Magharibi. Humo utaikuta ñ ya Kihispania. Utazikuta ã na õ za Kireno. Lakini ĩ na ũ za Gĩkũyũ, Kikamba, Kiembu na Kimeru hazimo. Hizo zimo katika kapu linalofuata, ĩ ikiwa na namba 0129 na ũ namba 0169. Kireno kimekaribishwa sebuleni. Lugha zetu zimeachwa barazani.

Ili kupunguza uzito, watoaji wengi wa fonti za mtandao huigawa fonti moja vipande vipande. Kipande cha kwanza ni kapu hilo la msingi. Kipande cha pili ni herufi za ziada. Mambo yakipangwa vizuri, kivinjari hukichukua kipande cha pili pale tu ukurasa unapokihitaji. Lakini msanifu mwenye haraka hupakua kipande cha kwanza peke yake, akakiweka kwenye seva yake na kuondoka. Tena zipo fonti, hasa za bure na zile za madoido ya vichwa vya habari, ambazo hazikuwahi kuchongewa ĩ wala ũ hata siku moja.

Kivinjari kikikosa herufi hakilalamiki. Kinaazima herufi hiyo moja kutoka fonti nyingine iliyo karibu na kuipachika katikati ya neno. Ndicho nilichokiona ofisini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa maungo yenyewe ni irabu. Na kikikosa hata pa kuazima, kinachora kijisanduku kitupu.

Atakayesema ni kitu kidogo na akumbuke kwamba Gĩkũyũ kina irabu saba ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu. Kile kiwimbi juu ya i na u hakikuwekwa pale kwa mapambo. Kinabeba irabu mbili kamili. “Uma” ni kutoka. “Ũma” ni kukauka. Mtoto anayejifunza kusoma akiona herufi mbili katika kila neno zimevaa tofauti na nyingine, atajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba herufi hizo si za kawaida, kwamba zimeongezwa baadaye, kwamba zaweza kuachwa.

Chukua jina Ngũgĩ wa Thiong’o. Marehemu alifariki Mei 2025 baada ya kuitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitetea uandishi katika lugha za Kiafrika. Jina lake hilo moja lina ũ, lina ĩ, na lina ng’. Ni mtihani kamili wa fonti. Nimelisoma kwenye kurasa nyingi za rambirambi na za wasomi likiwa limeshonwa kwa viraka, na kwenye kurasa nyingine likiwa limenyolewa viwimbi vyote. Waandishi wa kurasa hizo walimheshimu mno, sina shaka. Fonti zao hazikumheshimu.

Wapo watakaonikumbusha kwamba safu hii ni ya Kiswahili, na kwamba Kiswahili Sanifu kina irabu tano na hakihitaji viwimbi. Ni kweli. Lakini tusijipige kifua. Kiswahili kina ng’, na ritifaa hiyo ndogo inatutia aibu kila uchao. “Ngoa” ni wivu au tamaa. “Ng’oa” ni kutoa kitu kwa nguvu mahali kilipojikita. Ritifaa ikianguka, maana inabadilika. Ndugu zetu wanaoandika Dholuo wanalijua hili vizuri.

Sasa, ritifaa kwenye kompyuta si alama moja. Ipo ile iliyonyooka ya kwenye kibodi. Ipo iliyopinda, ambayo ndiyo hutumika katika vitabu vizuri, yenye namba 2019. Ipo iliyopinda kuelekea upande wa pili, ambayo ni ya kufungulia nukuu na haifai kabisa katika ng’ombe. Na ipo nyingine yenye namba 02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, si alama ya uakifishaji. Kwa jicho la mwanaisimu hii ya mwisho ina hoja nzuri, kwa kuwa ritifaa ya ng’ ni sehemu ya herufi inayowakilisha sauti moja. Lakini fonti nyingi hazina alama hiyo, kwa hivyo tutarudi kule kule kwenye kuazima. Mimi napendekeza ile ya namba 2019, maadamu fonti nyingi nzuri zinayo na jicho la msomaji limeizoea. La muhimu zaidi ni kuchagua moja na kudumu nayo. Katika tovuti ya kijana wangu nilihesabu tatu. Ukiandika “ng’ombe” kwa ritifaa moja katika kisanduku cha kutafutia, hadithi zilizoandikwa kwa ritifaa nyingine hazitokei. Ng’ombe wa nyanya wamegawanyika katika mazizi matatu, na hawajuani.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Herufi ĩ yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kilicho peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu viwili. Na fonti isiyojua kukiweka kiwimbi mahali pake hukiacha kikielea pembeni kama kofia iliyopeperushwa na upepo. Ushauri wangu ni kutumia herufi moja kamili daima.

Tukiteremka pwani tunakuta mtihani mgumu zaidi. Kabla ya hati za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alijitahidi kuzirekebisha hati hizo ili zibebe sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, kama vile p, ch na v. Leo mtu akitaka kuweka utenzi wa kale kwenye tovuti kwa hati zake za asili, atapakua fonti nzuri ya Kiarabu kisha agundue kwamba imechongewa Kiarabu peke yake. Herufi za hati hizi hushikana mikono. Herufi moja ikiazimwa kutoka fonti nyingine, mikono huachana na neno likakatika katikati. Aliyekesha akinakili hati ya babu yake ataonekana hajui kuandika.

Wacha sasa nijishtaki mwenyewe, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 niliandika tasnifu ya uzamili kuhusu fonolojia ya mojawapo ya lugha hizi za irabu saba. Taipureta ya idara haikuwa na kiwimbi. Nilikuwa napiga chapa ukurasa, kisha nachukua kalamu ya wino na kutia viwimbi kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kwenye nakala zote. Katika sura za nadharia nilivumilia. Nilipofika kwenye kiambatisho, chenye orodha ndefu ya maneno, mkono ulichoka. Nikaandika sentensi moja mwanzoni mwa orodha kwamba alama zimeachwa kwa sababu za uchapaji. Msimamizi wangu aliisoma na hakusema neno.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi aliniletea pendekezo la utafiti lililonukuu maneno kutoka katika orodha hiyo. Hakuiona ile sentensi moja. Alikuwa amejenga hoja nzima juu ya irabu tano. Nilimrekebisha, lakini tangu siku hiyo najua kwamba uchovu wa mkono wangu ulipata miguu na kutembea. Taipureta ilifanya uamuzi wa tahajia, nami nikautia sahihi. Kwa hiyo kijana anaposema ni kitu kidogo, naisikia sauti yangu mwenyewe.

Shtaka la pili ni uzito. Fonti ni faili, na faili inalipiwa. Fonti iliyotayarishwa vizuri yaweza kuwa na kilobaiti 20. Iliyoachwa ovyo yaweza kupita 200. Msanifu akiweka nyembamba, ya kawaida, nzito na ya mlazo, tayari ni faili nne kabla ya hadithi kuanza. Aliyekaa ofisini kwenye mtandao wa bure haoni tofauti. Aliyenunua bando la shilingi chache anaiona.

Isitoshe, vivinjari vingi vikiwa vinaisubiri fonti huyaficha maandishi kwa muda, aghalabu hadi sekunde 3, ili msomaji asione herufi zikibadilika ghafla. Maneno yameshafika kwenye simu, lakini yamefungiwa chumbani yakingoja nguo. Tiba ipo, na ni mstari mmoja tu. Katika maagizo ya fonti msanifu aandike “font-display: swap”, na kivinjari kitaonyesha maneno mara moja kwa fonti ya simu, kisha kibadilishe fonti mpya ikifika. Naona kuwa tovuti ya hadithi isiyo na mstari huo imemkosea adabu msomaji.

Na tukumbuke wasomaji ambao fonti haitawafikia kamwe. Vipo vivinjari vya kubana data, Opera Mini ikiwa mfano unaojulikana sana hapa kwetu, ambavyo haviipokei fonti ya tovuti katika hali yake ya kubana kabisa. Tovuti inapaswa kusomeka vizuri hata hapo. Ile ya kijana ilisomeka, lakini kwa bahati, si kwa mpango.

Hapa mashtaka mawili yanagongana, na mgongano huu ndio moyo wa suala zima. Ili fonti iwe nyepesi, huna budi kuipogoa, yaani kuondoa herufi ambazo ukurasa hauzihitaji. Ili fonti iwe kamili, huna budi kubakiza kila herufi ya lugha. Nani anaamua kipi kikatwe? Programu za kupogoa zinauliza swali hilo waziwazi, na fundi hujibu kwa kubofya “Kilatini cha msingi”, kwa sababu hakuna aliyemkabidhi orodha nyingine. Kwa kubofya huko ametunga alfabeti. Ametunga bila mkutano, bila kamati, bila kamusi. Tunafanya makongamano kuhusu usanifishaji wa othografia za lugha zetu, kisha usanifishaji wenyewe unafanywa na kijana mmoja usiku wa manane akiwa na kikombe cha kahawa.

Simlaumu. Je, idara zetu zimewahi kuchapisha mahali pa wazi orodha ya herufi zote, ndogo na kubwa, ambazo fonti inapaswa kuwa nazo ili iandike Kikamba, Kitaita au Kiswahili? Tunafundisha fonimu kwa mihula miwili na hatufundishi namba ya herufi hata kwa saa moja. Orodha hiyo ingetosha kwenye ukurasa mmoja.

Mbona basi tusiachane na fonti za kupakua, tukatumia tu zilizomo kwenye simu ya msomaji? Hoja hii ina nguvu, na simu ya dada yangu ni shahidi wake. Kwa taarifa za dharura au matokeo ya mitihani ningeikubali bila kusita. Lakini simu hazifanani, na anayetegemea za watu hajui kesho ataonekanaje. Tena lugha ina haki ya kuvaa vizuri. Hadithi za nyanya zinastahili herufi zilizochaguliwa kwa upendo, kama kitabu kinavyostahili jalada.

Na nguo nzuri zipo. Shirika la SIL limesanifu fonti kadhaa kwa ajili ya lugha zisizo na mtetezi, na mojawapo imepewa jina la Kiswahili: Andika. Ilikusudiwa wanaoanza kujifunza kusoma. Herufi a na g zimechorwa kama mtoto anavyozichora daftarini, na I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyikani. Leseni yake ya wazi inamruhusu yeyote kuitumia, kuigawa na hata kuirekebisha bila malipo. Nina kasoro mbili za kutaja. Faili yake kamili ni nzito kwa kuwa imebeba maelfu ya maumbo, kwa hivyo lazima ipogolewe na mtu anayejua cha kubakiza. Na sura yake ni ya darasani. Singeivisha tenzi wala maombolezo. Kwa matini hayo ipo Gentium, ya shirika hilo hilo, yenye umbo la kitabu. Zipo pia fonti za Noto za Google, zilizokusudiwa kufuta vile vijisanduku vitupu.

Nilimwandikia kijana hukumu yangu kwa ufupi. Hadithi ni nzuri na tafsiri ina uhai. Fonti ya vichwa iondolewe, kwa sababu haijui kuandika jina la msimulizi. Kabla ya kuteua nyingine, aliandike jina la Ngũgĩ wa Thiong’o kwa herufi ndogo, kubwa, nzito na za mlazo, kisha alitazame kwenye kompyuta, kwenye simu mpya na kwenye simu kuukuu. Herufi moja ikionekana mgeni, fonti hiyo si ya kazi hiyo, hata kama imependwa na dunia nzima. Atumie faili mbili, si nne. Ritifaa iwe moja. Maneno yasifichwe.

Juzi amenitumia anwani tena. Vichwa vya habari havina tena ule ukondefu wa kimitindo, na kwa kweli kurasa zimepoteza kidogo ya ile haiba ya awali. Lakini nilipoteremka hadi chini ya hadithi ya kwanza nilikuta jina la nyanya yake limekaa sawasawa, herufi zote za ukoo mmoja. Aliniambia amemwonyesha mwenyewe kwenye simu, naye akalisoma kwa sauti.

Nimebaki na lalamiko moja tu. Katika hadithi ya tatu, ng’ombe mmoja bado ana ritifaa iliyogeuzwa nyuma.